Maji Kizingitini

Kitendawili: hana miguu, lakini leo kanitangulia kutoka mlangoni. Fikirini mkinywa chai.

Maharage yako jikoni, yapasheni kwa moto mdogo. Kuku nimewafungulia. Hoho za kuchoma zilizobaki mzimenye nyinyi, za jana zimenimaliza mgongo. Nimechoka, na mbio zenyewe za mlimani sijaanza.

Ognyan mwanangu, jana uliniambia, "Mama, na goti hilo? Majani yameanguka mlima mzima, ukiteleza nani atakubeba? Ukienda, baraka zangu huna." Sikulala vizuri. Najua mwaka jana nilifika wa mwisho, watu wameshakunja meza. Lakini kule msituni hakuna anayeniuliza soksi zake ziko wapi.

Basi asubuhi nafungua mlango, nakuta kizingiti kimelowa, na mvua haikunyesha. Jibu ndilo hilo, maji. Kuna mtu kanimwagia maji njiani, kama tunavyowamwagia watoto siku ya mtihani, mambo yao yaende laini kama maji. Nusura nianguke hapo hapo. Kisha nikasimama, nikalia kidogo.

Mkeo Zdravka alikuwa anakoroma. Mjukuu wangu Kalina haamki mapema Jumapili hata nyumba iungue. Sasa nani kamwaga?

~~Msije kunipokea.~~ Njooni mchana, mbio zinaishia uwanja wa kanisa. Mniletee sweta.

Bibi

*(Chini yake, kwa penseli)*

Mimi, Mama. Bado nimekasirika. Sweta nimeshaiweka garini.
Ognyan