Kanta Imekwisha Nyumbani Kwetu

Baba Karisa,

Huko uliko sijui kama barua hufika, lakini nina maneno na sina pengine pa kuyapeleka. Shule sikwenda, unajua, kwa hiyo mimi nasema na mwingine anaandika. Mwandiko huu utautambua kabla sijakwambia ni wa nani.

Nianze na lililo zito. Mwanao Karisa hanisalimu. Amerudi Muyeye kwenye chumba chake cha kupanga, na nikimpigia simu anaiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe. Nimemuudhi. Na nikirudishiwa siku ile leo, nitamuudhi vilevile.

Ulipokufa, daktari alituambia ni sukari. Nani asiyejua? Mimi ndiye niliyekuwa nikikufichia kopo, na wewe ndiye uliyekuwa ukienda kwa jirani kunywa chai tamu kama ya arusini, ukirudi unapangusa midomo. Lakini matanga hayajaisha, watoto wa ndugu zako walikuwa na jibu lao, na Karisa mbele yao. Eti umeliwa. Eti aliyekuroga ni kaka yako Kazungu, kwa kuwa ana mvi, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Macho mekundu ya moshi wa kuni, Baba Karisa. Tangu mkewe afe anajipikia mwenyewe. Walichokinyamazia ni kwamba shamba la mikorosho haliuziki bila Kazungu kukubali, na Kazungu amekataa.

Unakumbuka kanta? Kila ukiwa na safari ya mazishi ulikaa kwenye kigoda uani, nami nikakupaka ile rangi nyeusi nywelini kwa mswaki mkuukuu, nikianzia kisogoni. "Mama Karisa, nipake vizuri, leo naoa." Tukacheka. Wazee wote huku wanapaka, na wote wanasema ni urembo. Ulikuwa woga ule. Mzee mwenye mvi kwetu sisi anatembea na hukumu yake kichwani. Siku nilipokuaga kwenye jeneza, weupe ulikuwa umeanza kuchungulia chini ya weusi. Niliona uchungu, kisha nikaona aibu, kwa ajili yetu sote wawili.

Basi kikao kikaitwa. Karisa akasimama, akasema baba mkubwa apelekwe kwa mganga akale papai la kiapo. Asiye na hatia analimeza, mwenye hatia anavimba mdomo. Mganga ameshaongea na nani, kila mtu alijua. Vijana nao walikuwa wamekaa nyuma ya banda la mbuzi wananoa mapanga, kana kwamba siku hiyo ndiyo nyasi zimeota. Lililobaki lilikuwa neno langu, mimi mjane. Karisa akanijia karibu kwa upole. "Mama, huna haja ya kumshtaki. Sema tu hujui. Inatosha."

Sijui. Neno dogo kiasi hicho. Kazungu alikuwa ameketi chini kama mtoto aliyechapwa, hanitazami. Nikafungua mdomo niliseme, nibaki na wanangu, nizeeke kwa amani.

Ndipo nikamkumbuka yule mwanafunzi wa Yesu aliyekuwa akiota moto uani. Kijakazi akamuuliza, naye akasema simjui mtu huyu. Unakumbuka ulivyomcheka kanisani? "Jitu zima, kashindwa na msichana wa jikoni." Ulicheka hata mwinjilisti akasimamisha mahubiri akakutazama. Sasa mimi nilikuwa kwenye moto uleule, na anayeniuliza ni mtoto wangu mwenyewe.

Nikaomba kimoyomoyo. Sikumwomba Mungu aniondolee woga, hapakuwa na wakati. Nilimwomba ulimi.

Nikasema, "Mume wangu kauawa na sukari, na Kazungu hana duka. Papai halitaliwa. Anayemtaka mzee huyu kwa ajili ya mvi, aanze na mimi." Nikaivua leso kichwani mbele ya wakwe na wakaza wana, kichwa wazi, cheupe kama pamba. Karisa akasema, "Mama, unatuaibisha." Nikamwambia, "Bado sijaanza."

Nikamshika Kazungu mkono, tukapita katikati yao. Vijana wakatufuata mpaka nyumbani. Nikamwingiza ndani, nikaketi kizingitini. Nikawataja mmoja mmoja kwa jina la mama yake, nikawauliza nani ataanza, ili nijue ni mama gani nitakayempelekea habari. Mmoja akasema ameacha mbuzi hawajafungwa. Wengine nao wakakumbuka mbuzi zao.

Sasa anaishi hapa. Analala chumbani kwako, mimi nimehamia chumba cha wajukuu. Wanawake wa kanisa, wengine wanakuja kushinda nami uani, wanaleta unga, tunaimba. Wengine wakiniona wanapita njia ya mbali. Na ulimi wa mji unasema nimejirithisha kwa shemeji. Kaka yako anakoroma kama kinu cha mahindi, mimi ningetaka kurithiwa ningechagua.

Hapa amesita kuandika. Nimemwambia aandike, tena asilainishe. Ndiyo, mwandiko ni wa kaka yako, uleule wa barua nilizokuwa nikikuletea ulipokuwa kibaruani Junju.

Bado naogopa, nisikudanganye. Pikipiki ikipunguza mwendo pale njiani, nainuka kukagua komeo la mlango. Lakini Bwana Yesu naye aliogopa bustanini hata jasho likamtiririka, na hakugeuka. Basi naogopa, na kizingiti sikihami.

Karisa nimemzaa mimi. Sitamlaani, wala sitamwomba radhi. Sahani yake ipo mahali pake, na kila jioni naipangusa. Lakini siku atakapokuja, kabla hajaketi, atamwamkia baba yake mkubwa. Atasema shikamoo, tena kwa sauti niisikie mimi nikiwa jikoni.

Juzi Kazungu aliniomba ile kanta yako iliyobaki. Alisema apake kidogo tu, aweze kwenda sokoni Vitengeni. Nikaichukua chupa nikaimwaga chooni, nikamshika mkono, tukaenda sokoni pamoja, yeye na mvi zake, mimi na zangu. Tulinunua chumvi. Watu walitutazama. Nasi tuliwatazama.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi, maadamu napumua, hakuna atakayemtoa kaka yako katika nyumba hii. Na siku nitakapoitwa nitakuja kichwa wazi, bila leso. Nawe kanta itakuwa imeshakutoka. Nitakutafuta kwa mvi zako.

Mkeo,
Mama Karisa