X ya Ng'ombe za Baba

Jumamosi, 7 Juni 2025

Darasa la watu wazima limehamia ghala la pamba. Tunakalia magunia. Mimi nyuma kabisa, kama kawaida. Shule niliishia la nne, kwenye kugawanya — nikapewa fimbo nikachunge.

Leo mwalimu Benedikta kaandika x. Kasema ni namba ipo, ila hatujaijua. Kanigeukia: Ngusa, baba yako ana ng'ombe wangapi? Rachel, jirani yetu, kadakia — mwalimu, kwao hazitajwi, ukizihesabu kwa mdomo zinapukutika! Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Kasema basi hizo ndizo x.

Jamani! Kumbe x naijua tangu utoto. Baba akiulizwa hujibu neno moja tu: zipo.

Jumanne, 10 Juni

Josho la hapa Lingeka limetengenezwa. Bwana mifugo, Danford, anatafuta msimamizi. Cheti hataki, anataka anayejua kuchanganya dawa. Jaribio tarehe 21, siku ya kuogesha ng'ombe, mbele ya watu wote. Halafu kamati inapiga kura. Wajumbe watano.

Naitaka hii kazi.

Baba kasikia. Kasema anayeshika josho anajua ng'ombe za kila mtu, na mwanawe hatakuwa mdomo wa kutangaza mali za watu. Naye ni mjumbe!

Jumamosi, 14 Juni

Uwiano. Dawa lita moja kwa maji lita elfu mbili. Josho ni lita 12,000. Mwalimu kauliza: yamepungua maji lita 500, umeyarudisha, unaweka dawa kiasi gani? Nikajibu lita sita. Kwa kujiamini kabisa!

Mwalimu kashika kiuno. Sita ni za josho zima, ngosha, mwanaume wewe. Yaliyobaki ndani si yana dawa tayari? Umeshatuulia ng'ombe kata nzima!

Robo lita. Robo tu. Rachel kaniita "Lita Sita" njia nzima. Nimecheka na mimi.

Jumatano, 18 Juni

Malishoni. Nimeandika mchangani kwa fimbo: 12,000 − 3x ≥ 9,000. Kila ng'ombe anatoka na lita tatu kwenye manyoya. Maji yasishuke chini ya asilimia 75. Nikahamisha. Nikagawanya kwa hasi — alama ikageuka, kama dume lililokutana na dume kubwa zaidi! x ≤ 1,000.

Nimepiga kelele. Ng'ombe wote wameinua vichwa. Ndama kapita juu ya jibu langu. Haidhuru, liko kichwani.

Jumamosi, 21 Juni

Naandikia hapa hapa joshoni, nyuma ya ukuta. Mikono inanuka dawa.

Tulikuwa watatu. Wenzangu wawili wameangukia kwenye kurudisha maji — wote lita sita! Rachel kajiziba mdomo na khanga.

Zamu yangu. Danford kanipa kijiti chenye alama: pima maji kabla kundi halijaingia, pima tena likitoka. Kundi lililofuata — la baba. Nikapima. Nikapima tena. Yaliyopungua, nikagawanya kwa tatu.

Nimeijua x ya baba! Bila kuhesabu hata mkia mmoja. Hata humu siiandiki.

Danford: maji sasa ni 11,100, zinaweza kuingia ngapi tena? Nikaandika ubaoni x ≤ 700. Na sauti ikatoka, sijui ilitokea wapi: mia saba, zisizidi! Kasema sawa kabisa. Halafu kaongeza: na hizi za mzee zilizotoka sasa hivi, zilikuwa ngapi?

Baba kaikodolea macho fimbo yake.

Nikashika chaki. Nikaandika: x > 0.

Nikasema: zipo.

Mzee Januarius wa kamati kacheka mpaka kofia imeanguka kwenye tope. Danford kajikuna kichwa — we kijana, hiyo siwezi kukukosesha. Baba hakucheka. Ila kaniangalia. Muda mrefu.

Sasa hivi kamati inapiga kura. Nawaona toka hapa. Inatakiwa mikono ≥ 3. Januarius kanyoosha. Mama mmoja kanyoosha. Miwili. Wawili wengine wanatazama chini.

Baba anaihamisha fimbo, toka mkono wa kulia kwenda wa kushoto —