Dishi Kinyangiri, Risiva Mandewa

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali. Lingekuwa swali la kijinga, na wewe hukuyapenda maswali ya kijinga. Nakuandikia kwa sababu nina hasira. Ninayo tangu wiki tuliyokuzika, nimechoka nayo, na wa kuambiwa ni wewe tu, maana nikimwonyesha mwingine ataniuliza inatoka wapi.

Nianze na televisheni yako. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikaa pale uani kwetu Itigi kugawa vitu vyako. Shamba halikuleta maneno. Mizinga yako ya nyuki haikuleta maneno. Wakafika kwenye televisheni. Baba, wazee wetu wanapenda haki kupita kiasi! Wakasema kitu kikubwa namna ile hakiwezi kwenda kwa mtu mmoja, wengine watanung'unika. Basi wakakigawa. Mama akapewa televisheni yenyewe. Kaka Elia akapewa risiva, akaondoka nayo kwake Mandewa. Baba mdogo Yona akapewa dishi, lile la futi sita, kwa kuwa ni mdogo wako wa tumbo moja na haifai arudi Kinyangiri mikono mitupu. Na mimi niliyekaa na wewe mbele ya kile kioo kila Jumamosi na Jumapili, nikapewa rimoti. Mzee mmoja akasema, "Naomi ndiye aliyeizoea." Watu wakapiga makofi.

Hebu niambie, rimoti niielekeze wapi? Kwa kuku?

Nilisema pale pale kwamba vitu hivyo vikitenganishwa havifanyi kazi. Nikaambiwa nisilete ubishi msibani. Nilipoanza kulia, shangazi akanikumbatia akasema nalia kwa ajili yako. Kweli nilikuwa nalia kwa ajili yako. Lakini pia nilikuwa nalia kwa ajili ya dishi, na hilo usingemweleza mtu akakuelewa.

Wewe unaelewa. Umeondoka katikati ya msimu. Walikuwa bado na wiki nyingi za kuruka, wale watu wako wa mbao. Nakumbuka mara ya kwanza ilipoingia ile chaneli, fundi akitafuta mpira, tukaona mtu amefunga mbao ndefu miguuni, anateleza kwenye mlima wa kujengwa, anaruka hewani kama amerushwa, anatua chini kabisa kwenye majani ya kijani. Fundi alitaka kubadilisha. Ukamshika mkono. Baadaye mwalimu jirani yetu akatueleza kwamba ule mchezo ni wa theluji, ila kiangazi theluji hawana, kwa hiyo wanatandika majani ya plastiki na kuyamwagia maji ili mbao ziteleze. Ulicheka wiki nzima. "Watu hawawezi kusubiri baridi irudi!"

Lakini hukuwa unacheka uchezaji wao. Wewe uliyeanguka mtini ukitundika mzinga, ukavunjika mguu na usipande tena, ulikuwa unaangalia miguu yao tu. Lugha ya mtangazaji hatukuijua hata neno moja, ukawa unatangaza mwenyewe. "Huyu kaogopa. Huyu kawahi. Huyu atatua vibaya, angalia magoti." Na ukawa na mtu wako, yule mwenye kofia ya njano na ndevu zenye mvi, mkubwa kuliko wenzake wote. Jina lake herufi zilibanana kama nyuki mlangoni, hatukuweza kulisoma, ukamwita Kwale. Msimu huu wote alikuwa anakuwa wa nne. Wa nne, wa nne, wa sita, wa nne. Ukasema mwaka huu lazima ashinde hata mara moja kabla hajazeeka.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Alhamisi ile tumbo lilianza kukuuma upande wa kulia. Ijumaa ulikuwa huwezi kunyooka. Mama alikuwa ameenda Manyoni kwa dada yake. Nikasema twende hospitali. Ukasema, "Kesho Kwale anaruka. Tutaenda Jumapili." Na mimi, badala ya kukuvuta mkono, nikakuletea mto. Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kuangalia na mimi! Jumamosi jioni tukakaa, wewe umejikunja, jasho linakutoka, tukawaangalia wamekaa kwenye ile boriti juu ya mlima wakisubiri taa iwaruhusu. Taa haikuwaka. Upepo. Wakamtoa mmoja kwenye boriti, wakamrudisha, wakamtoa tena. Tulisubiri kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Mwisho wakaahirisha mashindano yote, wakafungasha mbao zao wakaondoka, hakuna aliyeumia. Wao waliahirisha kwa sababu ya upepo. Sisi tuliahirisha kwa sababu yao.

Jumapili mama alirudi, tukakufikisha hospitali. Jumatatu ukatutoka. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini, nikasema jana. Nilidanganya, baba. Nilimdanganya daktari mbele ya mama, na mama mpaka leo anajua ilikuwa ghafla.

Ndiyo maana nilitaka kuona mwisho wa msimu. Mwalimu angeweza kunitafutia matokeo kwenye simu yake, alinipa hata tarehe ya mashindano ya mwisho. Lakini sikutaka kuambiwa. Nilitaka nikae pale tulipokaa, nimwone yule mtu akishinda, angalau niseme tulisubiri kitu cha maana.

Nikaenda kwanza kwa Elia, Mandewa. Risiva yako ameiweka juu ya kabati, ameifunika kitambaa cha kufuma, haijaunganishwa na chochote. Nikamwomba siku moja tu. Akasema urithi hauazimwi. Elia huyu huyu ambaye hajawahi kurudisha hata jembe! Akaniambia niangalie kwenye simu. Simu yangu ni kitochi, anajua vizuri. Nikaondoka bila kunywa chai ya mke wake, na yule hana kosa lolote, maskini.

Nikapanda basi mpaka Kinyangiri. Nikamkuta baba mdogo uani, na dishi lako limelazwa chali juu ya mawe matatu, limejaa mlenda. Ameanikia mlenda! Akaniambia kwa furaha kabisa kwamba unakauka haraka humo kuliko kwenye mkeka, na nikirudi atanifungia kidogo wa mama. Nikamweleza shida yangu. Akanitazama. "Mtoto wa kike mzima unalilia dishi? Kuna nini, Naomi?"

Nilikuwa nimepanga uongo njiani. Ukanikatikia mdomoni. Nikamwambia yote, nimesimama, sikungoja hata kiti. Alhamisi, Ijumaa, mto, boriti, upepo. Nilisubiri anifukuze. Akasema Ijumaa ulimpigia simu. Ulimwambia tumbo linakukata. Na yeye alikuwa anapeleka ng'ombe josho, akakujibu uchemshe mwarobaini, atakupigia jioni. Hakupiga. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mke wake. Akachukua ungo, akaanza kuhamisha mlenda kiganja kwa kiganja. Nikamsaidia. Tukahamisha mpaka dishi likawa tupu.

Hukuniambia kwamba ulimpigia. Ulikuwa unaogopa, baba, na mbele yangu ukajifanya unasubiri mchezo. Hilo nalo limenikasirisha. Ungesema unaogopa, ningekubeba mgongoni.

Baba mdogo akampigia Elia simu mara moja tu. Hakumpa sababu, alimwambia, "Jumamosi, Itigi, na risiva." Elia akaja. Alikuja amenuna, lakini alikuja. Basi ukaanza mchezo mwingine: baba mdogo nje anazungusha dishi, Elia dirishani anapiga kelele, mimi ndani naangalia mstari wa mawimbi kwenye kioo. "Kulia! Si kulia kwako, upande wa reli! Rudisha! Umepita!" Mama akasema msiba umetutia wazimu wote watatu. Jua lilikuwa linashuka nikaanza kutukana, samahani, hata yule fundi wa kwanza nilimtukana. Halafu picha ikaingia.

Walikuwa tayari kwenye mruko wa pili, ule wa mwisho. Kwale alikuwa wa tatu, amekaa kwenye boriti na kofia yake ya njano. Nikaona aibu jinsi moyo ulivyonienda mbio. Taa ikawaka. Akateleza, akaruka, na nakwambia alikaa hewani vizuri, mbao zimefunguka, mwili umelala. Akatua, goti moja mbele, mikono imenyooka. Nikapiga kelele. Wakaandika namba.

Wa nne. Wa nne, baba!

Na yeye anacheka! Amevua kofia, anamkumbatia aliyeshinda, anapungia watu mkono, hana habari na mtu. Nilitamani niingie ndani ya kile kioo nimzabe kibao. Huyu ndiye tuliyemsubiri? Baba mdogo, aliyekuwa ameingia ndani, akaniuliza polepole, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Anaruka vizuri." Akatoka nje kunawa uso, akakaa huko mpaka chakula kilipoiva.

Sina wa kumlaumu mle ndani. Hata angeshinda, ningekuwa nimekaa pale pale na uongo wangu. Nililifahamu hilo wakati wanampa mwingine maua, nikakasirika zaidi, maana ningeweza kulifahamu bila kwenda Kinyangiri.

Elia ameacha risiva. Baba mdogo ameacha dishi. Waliondoka tu bila kuvidai.

Sasa kuna jambo la mama. Tangu wiki iliyopita anashika kifua akipanda ngazi za kanisa. Leo nimemuuliza, akasema si kitu, tusubiri kwaya yao iimbe Jumapili, ataenda Jumatatu. Nilimjibu vibaya, baba. Nilimpigia kelele mama yangu, akashtuka, akaniuliza nina nini. Nikaenda kutoa gauni lake kwenye sanduku, nikalinyoosha.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali, kwaya au si kwaya. Daktari akiuliza maumivu yalianza lini, nitasema siku yenyewe. Na tukiwa tumekaa kwenye foleni, kabla jina lake halijaitwa, nitamwambia mama kwamba kwako haikuwa ghafla. Anililie, anichape, anyamaze mwaka mzima, nitakuwa nimekaa pembeni yake nimeshika kadi yake.

Nakuahidi hilo, baba. Pumzika. Mimi naamka mapema.

Mwanao,
Naomi