Nukta Chini ya Kifuniko

Mwalimu wangu, Fundi Shomari,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, ila mkono umekataa kuanza barua kwako bila salamu.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako. Baada ya arobaini yako nilimfukuza Selemani. Ndiyo, Selemani wako wa Mbegani, niliyekaa naye benchi moja miaka sita. Nilimnyang'anya ufunguo wa karakana mbele ya wateja. Nisikilize kwanza, ndipo unilaumu.

Unajua nilivyo. Ulikuwa ukinitania, "Hawa, wewe hata chumvi unaionja mara mbili." Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutoamini. Magitaa ya umeme mwenye duka anatuletea mapya, yamo ndani ya maboksi, tuyakague kabla hajayauza, nasi tunakuta shingo zimepinda, nyaya za ndani zimeshikizwa kwa lehemu ya kubahatisha, ncha za vyuma vya shingoni zinakwaruza vidole. Uliporekebisha ukaridhika, ulitia alama ya vema kwa penseli chini ya kifuniko cha nyuma, ukafunga. Hakuna aionaye ila fundi.

Sasa kila nililofungua lilikuwa na vema yako, na pembeni yake nukta. Nukta ndogo, ya penseli nyingine. Ya nani? Nikakumbuka Selemani alivyokuwa akibaki nyuma baada ya alasiri, akifungua magitaa uliyokwisha kuyapitisha. Siku moja nilimfuma, akarudisha kifuniko haraka. Nikasema basi, huyu anabadilisha sumaku za kunasa sauti, nzuri anachukua, mbovu anaweka, na nukta ni ya kujikumbusha lipi ameshaliibia. Nilipomuuliza aliangalia chini.

"Dada Mwanahawa, hilo siwezi kulisema."

Asiye na kosa anashindwaje kusema? Nikachukua ufunguo.

Wiki iliyopita mpigaji mmoja wa Kaole akaja amefura, gitaa lake jipya begani. Limemwaibisha harusini. Uzi mwembamba ukipigwa mtupu uko sawa, ukibonyezwa katikati ya shingo unatoka nje ya sauti. Mwalimu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikaona ushahidi umejileta wenyewe. Nikafungua kifuniko.

Vema yako ipo. Nukta hakuna.

Siku ya pili likarudi jingine, kasoro ileile. Vema, bila nukta. Nikafungua daftari la kazi. Yote mawili uliyapitisha wiki ile Selemani alipokwenda Saadani kumzika mjomba wake. Nikayashusha yenye nukta yaliyobaki, nikayapima kwa kile kidude cha kupimia sauti ulichokidharau, ukisema sikio lako linatosha. Yote yalikuwa sawasawa. Sumaku ni zile zile za kiwandani, lehemu haijaguswa.

Nilikaa chini kwenye kigoda chako. Ndipo nikakumbuka kahawa. Mwaka wako wa mwisho, kila ulipofika uzi mwembamba ulinituma kahawa. Mimi tu, Selemani hapana. Nami nakwenda mbio, nadhani unapenda kahawa ya mkono wangu! Kumbe sauti za juu zilikuwa zimekukimbia, na hukutaka nikuone ukitega sikio usipate kitu.

Bado nikakutetea. Nikasema labda hukujua, labda Selemani alikuficha hata wewe. Jana nikashusha ukutani lile gitaa lako jekundu, nikalifungua. Vema. Na chini yake, mwandiko wako:

"Sele, lipitie hili kama yale mengine. Hawa asijue."

Nililia kwa wivu kabla sijalia kwa huzuni. Kwa nini yeye? Nani alikufulia, nani alikuongoza njia ya hospitali? Nimekuuliza hilo usiku na mchana, na jibu silipendi ila nalijua. Selemani angesahihisha akanyamaza. Mimi ningeanza kukagua kila ulichowahi kunifundisha. Na ndicho ninachokifanya sasa, unaona?

Naye akakutunzia siri yako hadi akafukuzwa kama mwizi. Nimemwonea, Mwalimu. Nimemwonea vibaya.

Kesho asubuhi nakwenda Mbegani. Akinifungia mlango ni haki yake, nitakaa barazani mpaka atoke. Nakuahidi, kuanzia sasa kila nitakalolipitisha nitatia vema pembeni kabisa, ibaki nafasi ya mwenzangu, hata kama masikio yangu ni mazima.

Mungu akupumzishe, mkaidi wangu. Lile jekundu halina nukta. Uliondoka kabla hujamkabidhi Selemani. Nimelifunga kwenye kanga, liko mlangoni pamoja na ufunguo wake. Sikulipima.

Wako,
Hawa