Kutwa Mara Tatu

Mfaranyaki, Songea

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi lile goti? Yule mama wa kukukanda bado anakuja, au umeshamfukuza kwa kusema anakuminya kama unga wa maandazi? Baba naye mfikishie shikamoo yake, umwambie kifua chake nakiombea kila nikiswali. Sisi huku tu wazima wote wanne: mimi, Baba Husna, Husna na Idrisa. Nimeanza na hilo makusudi. Ukifika mahali moyo ukaanza kukuenda mbio, rudi hapa juu usome tena.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe simu unaifungulia sauti hadi mwisho, na kila aliyekaa uani anachangia. Hili sitaki lichangiwe. Ndiyo maana barua nimempa mke wa fundi mwenzake Baba Husna, anayekuja huko Muheza kumwuguza mamake, na nimemwapisha akukabidhi mkononi mwako wewe na si mtu mwingine.

Nikupe kwanza habari za wajukuu. Idrisa ametimiza miezi minane, ana meno mawili ya chini na anatambaa kwa kurudi nyuma, kila siku namkuta amejisukuma uvunguni mwa meza. Kanga ulizonitumia, ile kuukuu niliikata nepi, ile mpya nikaibakiza mbeleko. Mafuta yake nayakamua mwenyewe kwa nazi, ingawa nazi huku ni mgeni na ukiipata imeshazeeka. Mkwe wangu wa Namtumbo akimbeba mjukuu wake anasema ananukia wali. Mimi nacheka, lakini naona anamnusa tena na tena.

Husna atafikisha miaka mitano na mdomo wake umefika kumi. Baba yake humletea vipande vya mbao kutoka karakana, na yeye alivigeuza vitanda vya hospitali. Wagonjwa wake ni magunzi ya mahindi aliyoyavika vitambaa. Alikuwa anawapanga sebuleni, anawagusa paji la uso, anawaita kwa namba, na gunzi lililochelewa linagombezwa. Sindano ilikuwa njiti, na dawa ilikuwa maji kwenye kizibo cha soda. Nilikuwa nafanya kazi zangu namsikiliza, najisemea huyu atakuja kuwa daktari.

Sasa sikiliza, mama. Mvua za kwanza zilipoanza, baridi iliingia na Idrisa akashikwa na kikohozi. Nikampeleka zahanati na Husna nikaenda naye. Tukapewa dawa ya maji, ile ya pinki, na nesi akasema kwa sauti, "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu." Husna akaipenda hiyo sentensi kama wimbo. Akawa anawaambia magunzi, anamwambia baba yake akila ugali, anamwambia hata jirani yetu Mama Komba akipita na ndoo: kijiko kimoja, kutwa mara tatu. Dawa ikaisha na kikohozi hakikuisha. Asubuhi moja nikaitikisa chupa nikasema peke yangu, "Dawa imeisha jamani, na mtoto bado anakohoa." Sikujua kama kuna mtu ananisikiliza.

Siku hizohizo Baba Husna alikuwa amenunua mbegu za mahindi za kupeleka shambani kwa mama yake. Mfuko mmoja ulichanika pembeni, zikamwagika kidogo sakafuni. Unazijua mbegu za dukani zilivyo, zimepakwa rangi. Hizi zilikuwa za pinki, zinang'aa kama peremende. Husna akainama kuziokota, baba yake akamzuia mkono. "Hizi usiguse mama, zimetiwa dawa," akamwambia. Kisha akauegemeza mfuko ukutani akaenda kazini.

Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, na sikuona kosa lolote katika maneno yale. Wewe ungeona? Ndivyo tunavyosema sote. Dawa ya mahindi, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kikohozi. Tangu siku ile najiuliza ni nani alitufundisha kuita vyote hivyo kwa jina moja, halafu tukazaa watoto tukawaacha wachague wenyewe.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Mimi nilikuwa uani nakaanga karanga na soya za unga wa lishe wa Idrisa, na yeye nilimwacha ndani kwenye mkeka na dada yake. Nilikuwa namsikia anakohoa. Halafu akanyamaza. Mama, nikufiche nini, nilifurahi. Nikasema alhamdulillahi, ametulia, ngoja nimalizie sufuria hii.

Nilipoingia, Idrisa alikuwa ameegemezwa mto, kidevu chake cha pinki, kifua cha fulana yake cha pinki. Husna amepiga magoti mbele yake na kile kijiko cha zahanati mkononi. Pembeni kikombe cha plastiki kina maji ya pinki, na chini ya maji zimelala mbegu za mahindi zimebaki nyeupe. Alikuwa amezilowanisha mpaka rangi ikatoka, na wallahi yale maji hata mimi ningeyaona ni ile dawa ya zahanati. Akanitazama kwa furaha. "Mama, nimepata dawa nyingine. Nimempa kijiko kimoja, kutwa mara tatu. Hajatema."

Mama, nilipiga kelele. Nilisema, "Umemuua! Husna, umemuua mdogo wako!" Nilisema hivyo mara nyingi, sijui ngapi. Nilimnyang'anya kijiko hadi akaanguka kwa nyuma. Sikumnyanyua.

Mama Komba alikuja anakimbia na unga mikononi. "Yesu na Maria! Mpe maziwa, mama Husna, mpe maziwa upesi!" Akaleta maziwa, nikamnywesha mtoto vijiko viwili. Kisha bodaboda. Nilimkumbatia Idrisa nikamwambia kijana wa pikipiki akimbie, halafu nikamwambia asikimbie, halafu akimbie. Mama Komba akafuata nyuma na pikipiki nyingine, na Husna.

Hospitalini, daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ndogo. Alimpokea mtoto, akamfunua macho, akasikiliza kifua. Nilipotaja maziwa akatikisa kichwa. "Maziwa hayaondoi sumu, mama. Siku nyingine usimpe kitu, mlete tu, na ulete kilichomdhuru." Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno sumu likitajwa kwa jina lake. Akaniuliza, "Amekunywa kiasi gani?" Nikamwambia sijui. "Kijiko kimoja au vitatu? Ni leo tu, au alianza jana?" Nikamwambia sijui, dada yake ndiye aliyempa.

Daktari akachuchumaa mbele ya Husna. Akamwuliza kwa upole, "Husna, ulimpa mtoto dawa mara ngapi?" Husna hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Daktari akamwuliza tena, akamwonyesha kidole kimoja, viwili, vitatu. Mtoto kimya. Mdomo wake ule wa miaka kumi, mama, ulikuwa umefungwa kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Mimi nikapiga magoti nikamwambia, "Husna mwanangu sema, sikuchapi," na yeye akarudi nyuma hadi ukutani. Aliyejua alikuwa mmoja tu, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Daktari akasimama. "Basi nitamhudumia kama aliyekunywa nyingi," akasema. Baba Husna, aliyepigiwa simu na Mama Komba, alifika na vumbi la mbao kichwani; alikuwa amepitia nyumbani, ameshika ule mfuko wa mbegu na kikombe chenyewe. Daktari akasoma yaliyoandikwa kwenye mfuko, akaenda kupiga simu kwa mwenzake, akarudi. Wakamwosha mtoto, wakamwekea dripu. Idrisa alitapika, akalegea, akawa anatoa udenda na kutazama dari bila kuiona. Nilikaa nimeweka kiganja juu ya tumbo lake nione kama linapanda. Likichelewa kupanda, na mimi nilikuwa siwezi kuvuta pumzi.

Tulikaa siku mbili. Mchana wa siku ya pili akaigeukia kanga yangu akaanza kutafuta ziwa, akanyonya kwa nguvu hadi akaniuma kwa yale meno yake mawili. Nililia kwa sauti wodi nzima ikageuka. Daktari akasema tumshukuru Mungu, inaelekea alikunywa kidogo, lakini tumchunge na tumrudishe tukiona lolote.

Sasa hofu yangu. Ungedhani imeisha. Idrisa akilala mchana kwa muda mrefu namtikisa, anaamka analia, na mimi napumua. Baba Husna ananiambia nitamfanya mtoto kichaa. Yeye mwenyewe lakini mbegu zote amezihamishia karakana, na nimemkuta akifuta sakafu kwa kitambaa, sehemu ileile, siku ya tatu mfululizo. Naye anaogopa, ila hasemi.

Lakini si Idrisa ninayemwogopea zaidi, mama. Ni Husna. Alibaki kwa Mama Komba siku zile mbili, na tuliporudi alisimama mlangoni hakuingia hadi baba yake alipombeba. Hospitali yake ameivunja. Magunzi aliyatia motoni yeye mwenyewe, moja moja, nikamwona nikashindwa kumzuia. Mdogo wake akimsogelea, yeye huikalia mikono yake. Anaiweka chini ya mapaja anatulia hivyo, na Idrisa anampanda magotini, anamvuta nywele, anacheka, na dada yake hatoi mkono kumgusa. Baba yake anasema ni mtoto, atasahau. Mimi nakumbuka mambo uliyoniambia nikiwa mdogo kuliko yeye, mengine mazuri na mengine mabaya, na wewe mwenyewe huenda huyakumbuki.

Juzi kikohozi cha Idrisa kilirudi kidogo, nikaifungua chupa ya dawa tuliyopewa hospitali. Ni ya pinki pia. Nilikuwa nimeshajaza kijiko nampelekea mdomoni, Husna akaja mbio akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Nianze mimi," akasema.

"Uanze nini, mwanangu?"

"Kunywa. Nikifa mimi, usimpe."

Mama, niliweka kijiko chini. Nikakichukua tena nikanywa mimi, mbele yake, nikalamba kijiko. Akakaa chini akanitazama usoni. Tulikaa hivyo hadi sufuria ya maharage ikaanza kuungua na sikuthubutu kuinuka. Hatimaye akasema, "Haya, mpe." Na tangu siku hiyo ni kutwa mara tatu: nakunywa mimi, Husna ananichunguza, kisha anatoa ruhusa. Kikohozi changu ambacho hata sikuwa nacho kimeshapona.

Nimemwambia kwamba nilikosea. Nimemwambia yeye hakumuua mtu, mtoto yupo hapa, kosa ni letu wakubwa tuliosema dawa pale tulipotakiwa kusema sumu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kama mgeni. Wewe ulilea saba, mama. Neno ambalo mzazi ameshalitoa analirudisha vipi? Naogopa kwamba kuna njia rahisi ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi, na naogopa zaidi kwamba haipo.

Nisalimie shangazi anayetufumia kofia za watoto, ile ya njano bado inamtosha Idrisa. Msalimie kaka mkubwa, umwambie zile picha za nyumba yake mpya nimeziona na choo ni kizuri kuliko sebule yangu. Wasalimie wifi na watoto wake, na yule bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha kusoma Kurani, umwombe amsomee Husna dua bila kumwambia sababu. Baba Husna anakusalimu na anasema ameanza kukutengenezea kigoda kirefu ili usipate tabu ya kuinama.

Jana nilipokaa kuandika, Husna alikuja akasimama begani kwangu. Akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia bibi wa Muheza. Akafikiri, kisha akauliza, "Bibi anajua?" Nikamwambia bado, ndiyo namweleza hapa. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, mahali hasa nilipokuwa naandika.

"Usimwambie," akasema. "Bibi ananipenda."

Kwa hiyo mama, ukipiga simu omba kuongea naye kwanza, umtanie kama siku zote. Wewe hujui lolote.

Ni mimi mwanao anayekuhitaji,
Zainabu, Mama Husna