Mshipa Hauonekani Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Nimechefuka! Mkuu wa chuo kaamua chumba changu cha mazoezi kifungwe. Miaka kumi na tisa nafundisha wauguzi kutoa damu ya vipimo, leo naambiwa watajifunzia kwenye simu. Eti kizazi hiki ni cha simu, tuwafuate waliko. Haya. Na mishipa nayo iko kwenye simu?

Jumatano, 5 Machi
Binti wa kaka yangu, wa mwaka wa mwisho, kanijia jikoni kwa mbwembwe. "Shangazi, nimepata mia kwa mia!" Kabonyeza kioo cha simu, kichupa cha humo kikajaa damu. Nikamnyooshea mkono: mshipa uko wapi? Kapapasa weee, kama anatafuta swichi gizani. Kisha kanuna yeye! Eti mimi wa zamani.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeumbuka. Mama Pacha, mwanafunzi ninayemgombeza kila siku kwa utoro, kaja. Kumbe mchana anafua mashuka hospitalini. Somo la kwenye simu kalitazama mara kumi na mbili, akisubiri mashine imalize. Hatua zote anazo kichwani, kuliko wale wa dawati la mbele! "Simu imenifundisha, mwalimu. Ila sijawahi kushika sindano." Simu haina kosa basi. Kosa ni la wanaoifanya kisingizio. Na langu — chumba nimekifungua saa za kazi tu, miaka yote hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Fomu imeletwa. Majina hamsini na manne, kila jina nisaini kwamba kafanya kwa vitendo. Lini? Mkuu kacheka. "Saini tu, mama, tusiwacheleweshe watoto wa watu." Na watakaochomwa ni watoto wa nani? Wa mbuzi?

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguo ninao bado. Nikafungua asubuhi, nikawaita wote. Wamekuja kumi na mmoja. Mkono niliotoa ni wangu. Mama Pacha: mara moja tu, damu hiyo! Binti wa kaka kakosa mara tatu. Nikamwambia arudie. Katupa glavu, katoka analia.

Mkuu katukuta, mmoja bado hajajaribu. Wote nje! Sasa niko kwenye benchi mlangoni kwake, fomu mapajani. Nisaini yote au nirudishe ufunguo, kasema.

Nimesaini majina tisa, ya waliopata mshipa. La binti wa kaka halimo. Kaka anapiga simu, mara ya tano hii. Ujumbe wake nimeusoma — eti nimemvua mwanawe nguo hadharani.

Mkono unaniuma. Mkuu ananiita ndani. Naingia na majina yangu tisa, ufunguo mkononi.