Karani Asiye na Ofisi

Tunduma, 2 Aprili 1959

Dada Jenista,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji Isaka na watoto. Mguu umepona? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Bwana Shauri, Mzungu wa serikali ya wilaya, amenitaka tarehe ishirini nieleze kwa nini nilikimbia Nyasaland. Asiponiamini narudishwa, na wenzangu wa chama huko wamejaa gerezani. Lakini nimepata msaada. Yuko Bwana Watson, karani wa wakili wa Mbeya, anavaa tai na anaongea sheria kama maji. Anataka niandike majina ya walionisaidia kuvuka mto Songwe, eti wakili apate kuniamini. Unaonaje?

Mdogo wako, Amoni

Mbebe, 6 Aprili

Mdogo wangu Amoni,

Tu wazima. Mguu unauma bado, lakini nalima. Barua yako imenifanya niache jembe shambani. Usiandike jina hata moja! Wakili atake majina ya nini, wakati mwenye shauri ni wewe? Ofisi yake umeiona? Wakili mwenyewe anaitwa nani? Kesho napanda lori la kahawa, naenda Mbeya kuuliza.

Dada yako

Mbeya, 9 Aprili

Amoni,

Hujambo? Naandika nimekaa kwenye ngazi za posta. Mawakili hapa ni wawili tu, na hakuna anayemjua Watson. Wa kwanza aliapa utashinda, hata jina lako hajaliuliza. Wa pili, Mhindi mzee, alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Utamwokoa?"

Akasema, "Mama, siwezi kuahidi. Nitasimama naye, naye aseme kweli."

Huyo nimemwamini. Njoo upesi. Je, uliandika?

Dada yako

Mbeya, 13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefika, wakili amenipokea vizuri.

Niliandika. Sikungoja jibu lako. Kila buti lililopita nje lilinitia hofu. Majina ni mawili, lako na la binamu yetu Anyitike aliyenivusha. Wakili anasema huenda Watson anapeleka majina kwa polisi wa ng'ambo ya mto. Tunduma hayupo tangu Ijumaa. Wewe uko upande huu, dada. Anyitike yuko ule, na mimi siwezi kuvuka. Nisamehe.

Amoni

Mbebe, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Nimevuka. Maji yalinifika kifuani. Anyitike nilimkuta juu ya paa anaezeka jiko la mkewe. Nikamwambia, "Shuka." Aliniona nilivyolowa, akashuka. Tulikuwa tumefika kwenye migomba tuliposikia gari linasimama uani kwake.

Yuko kwangu. Mkewe amebaki, hatujapata habari zake. Jana nilipomtajia Anyitike jina lako alitoka nje, akakaa mvuani. Leo asubuhi ndipo aliposema neno: "Yule wakili wa Amoni, anapokea mtu wa pili?"

Isaka anakuletea barua hii mwenyewe. Kabla hujaingia kwa Bwana Shauri, muulize wakili.

Dada yako, Jenista